Nyota hafifu inaichomaje sayari? Jibu kwa aliyeuliza kuhusu Enaiposha

Swali lenyewe kwanza, nalifupisha kidogo: "Shikamoo mtaalamu. Nimesoma kuhusu sayari inaitwa Enaiposha. Wanasema nyota yake ni ndogo na hafifu mno, mwanga wake haufiki hata asilimia moja ya jua letu. Halafu aya inayofuata wanasema sayari hiyo ina joto la zaidi ya nyuzi mia mbili. Hapo nikapotea, kitu hafifu kinachomaje? Na je ni kweli imejaa maji kama jina linavyosema? Mwisho, naweza kuiona?"

Marahaba. Nimefurahi umeuliza hivyohivyo bila kuzunguka, maana watu wengi wanasoma hizo sentensi mbili zikipingana wanapita tu, wewe umesimama.

Tuanze na hilo neno hafifu, ndo limekuchanganya. Tukisema nyota ni hafifu tunamaanisha ukiiweka sambamba na jua, umbali uleule, yenyewe inatoa mwanga kidogo. Basi. Hilo halikuambii chochote kuhusu aliyesimama mlangoni pake. Na Enaiposha imesimama mlangoni kabisa, yaani iko kilomita milioni 2.2 tu kutoka kwenye nyota yake, wakati sisi na jua tumeachana kilomita milioni 150, na hata Zebaki ambayo ndo sayari ya karibu zaidi na jua iko kwenye kilomita milioni 58. Milioni 2.2 ni kama mara sita tu ya umbali wa kutoka hapa duniani mpaka mwezini. Sasa fikiria nyota nzima iko hapo.

Hesabu yake unaweza kuifanya mwenyewe kwenye simu, na ningependa uifanye kwa sababu ukishaifanya hutasahau. Nyota inaitwa Orkaria, na ungehitaji nyota kama hiyo karibu 300 kufikia mwanga wa jua moja. Hilo ni punguzo. Sasa angalia faida: 150 gawanya kwa 2.2 unapata kama 68, yaani Enaiposha iko karibu na nyota yake mara 68 kuliko sisi tulivyo karibu na jua, na mwanga haupungui kwa mstari mnyoofu, unapungua kwa mraba wa umbali, ukisogea mara mbili unapokea mara nne, ukisogea mara kumi unapokea mara mia. Kwa hiyo 68 mara 68, inakuja kama 4,600. Gawanya kwa zile 300. Unabaki na kama 15. Yaani pamoja na uhafifu wote huo, kila mita ya mraba ya Enaiposha inayotazama nyota inapokea nishati mara 15 hivi ya ile tunayopokea sisi, na vipimo vya karibuni vinasukuma namba hiyo juu kidogo. Zebaki yenyewe inapokea kama mara 6 au 7 tu. Umeona? Ukaribu umekula uhafifu wote na chenji ikabaki.

Halafu kuna kitu kingine kimejificha humo, mwanga na joto si kitu kimoja machoni petu. Chukua pasi ya umeme, ikiwa moto haiwaki, haitoi mwanga wowote unaouona, lakini lete kiganja karibu bila kuigusa, hutahitaji kuambiwa. Pasi inatoa mionzi ya infraredi, jicho haliioni ila ngozi inaipokea. Sasa nyota ndogo kama Orkaria ndo tabia yao hiyo: uso wake una joto lisilofika nyuzi 3,000 za selsiasi, wakati jua lina kama 5,500, na kwa joto hilo sehemu kubwa ya nishati inatoka kama infraredi. Ukiipima kwa jicho unaipunja, kumbe jicho lako linaona sehemu ndogo tu ya kinachotoka, na sayari inapokea vyote.

Hapo nisahihishe na kitu kinachonisumbua kwenye picha nyingi za kuchora. Nyota hizi tunaziita vibete vyekundu, basi wachoraji wanapaka anga jekundu kama damu. Si hivyo. Ile balbu ya zamani ya waya, inayotoa mwanga wa manjano na kukuunguza ukiigusa, waya wake ukiwaka unakuwa na joto linalokaribiana sana na uso wa Orkaria. Kwa hiyo ukitaka kujua rangi ya mchana wa kule juu ya mawingu, washa balbu hiyo chumbani usiku, ni mwanga wa njano wenye kuelekea machungwa. Tofauti ni ukubwa tu. Ukinyoosha mkono mbele na kukunja ngumi, jua letu angani halifiki hata upana wa kidole kidogo, lakini Orkaria ikitazamwa kutoka Enaiposha ingeziba karibu ngumi nzima. Mara 14 ya upana wa jua letu, na hii ni nyota ambayo kwa kipenyo halisi ni kama moja ya tano tu ya jua. Kila nikipiga hiyo hesabu bado inanishangaza.

Na kwa kuwa iko karibu hivyo inabidi ikimbie. Sayari inazunguka kwa kasi ya kama kilomita 100 kwa sekunde, dunia yetu inakwenda 30, ikipunguza haiwezi kubaki kwenye njia hiyo. Mwaka wa kule ni masaa 38. Anza kuhesabu asubuhi: umelala mara moja, umeamka, umefanya kazi zako, kabla hujalala tena mara ya pili mwaka wao umeisha.

Sasa hayo yote tumeyajuaje, maana hakuna aliyewahi kuiona hiyo sayari kama kitu chenye umbo. Iligunduliwa 2009 na mradi unaoitwa MEarth, wa kina David Charbonneau kutoka Harvard, na uzuri wa mradi ule ni kwamba hawakutumia mtambo mkubwa wa kutisha. Walikuwa na darubini nane zenye kioo cha sentimita 40 kila moja kwenye mlima Hopkins huko Arizona, ukubwa ambao hata wapenzi wa anga wa kawaida wanao. Walichofanya ni kuchagua nyota ndogo tu na kuzichungulia moja moja wakisubiri mwanga upungue. Ikipita sayari mbele ya nyota inaziba sehemu ya mwanga kwa muda. Enaiposha ikipita mbele ya Orkaria inaziba kama asilimia 1.4, kwa muda usiofika saa nzima, kisha mwanga unarudi, halafu baada ya masaa 38 tena, na tena. Sayari hiyohiyo ukiipitisha mbele ya jua letu ingeziba kama asilimia 0.06 tu. Hapo ndo utaona kwa nini sisi tunaozitafuta tunazipenda nyota ndogo, sayari haijakua ila pazia limepungua, kwa hiyo kivuli kinaonekana.

Kivuli kinakupa upana. Uzito unaupata kwa njia nyingine, sayari ikizunguka inaivuta nyota huku na huku kidogo, na mtikisiko huo unaonekana kwenye rangi za mwanga wa nyota, kazi iliyofanywa na kifaa cha HARPS kule La Silla nchini Chile. Ukiweka pamoja unapata sayari pana mara 2.7 ya dunia na nzito mara 8 hivi. Kwenye mfumo wetu wa jua hatuna kitu cha ukubwa huo, tunaruka kutoka dunia moja kwa moja mpaka Uranasi na Neptuni, ila huko nje sayari za saizi hii ni nyingi mno. Ndo maana Enaiposha imechunguzwa kuliko wenzake karibu wote wa saizi yake.

Sasa joto. Sayari iliyo karibu namna hii karibu hakika imefungwa uso, kama mwezi unavyotuonesha upande mmoja siku zote. Upande mmoja wa Enaiposha ni mchana usioisha na mwingine ni usiku usioisha. Mwaka 2022 darubini ya James Webb iliitazama kwa karibu masaa 40 mfululizo, yaani mwaka mzima wa kule na chenji, na kikundi kilichoongozwa na Eliza Kempton kikatoa matokeo 2023. Ninachopenda ni namna walivyofanya, kwa sababu ni ujanja rahisi. Darubini haiwezi kuitenganisha sayari na nyota, inapokea mwanga wa vyote viwili kwa pamoja. Lakini kuna wakati sayari inaingia nyuma ya nyota, hapo unapima nyota peke yake. Ikitoka, chochote kilichoongezeka ni cha sayari. Halafu jinsi inavyozunguka inakugeuzia mara upande wa mchana, mara ubavu, mara upande wa usiku, vilevile mwezi unavyobadilika kutoka mpevu kuwa mwandamo, ila hapa unafuatilia joto. Wakapata mchana nyuzi 279, usiku nyuzi 165.

Usizipite haraka hizo namba mbili. Ile risasi ambayo mafundi redio wanalehemu nayo ingeyeyuka upande wa mchana, na ungeivusha upande wa usiku ingeganda tena. Lakini kwangu mimi habari kubwa ni hiyo 165. Upande ule haujawahi kuona nyota yake kwa muda mrefu mno na bado uko kwenye 165! Joto limefikaje? Limebebwa. Kuna angahewa nene inayovuma kutoka mchana kwenda usiku na kubeba joto nayo, hakuna njia nyingine inayoeleweka.

Linganisha na sayari nyingine, LHS 3844 b, iko karibu miaka ya nuru 49 kutoka hapa, nayo imebanwa na nyota kibete ya aina moja na Orkaria, ila yenyewe ni ya mwamba, pana mara 1.3 tu ya dunia, na mwaka wake ni masaa 11. Darubini ya Spitzer iliitazama, matokeo yakatoka 2019: mchana kama nyuzi 770, usiku hakuna joto lolote lililopimika. Hakuna kitu. Kule hakuna angahewa nene ya kubeba joto, ni jiwe tupu, na infraredi inayotoka kwake inaonesha uso mweusi, kama miamba ya volkano iliyopoa. Kwa hiyo ukiwa na sayari mbili za joto kali, nyota zinazofanana, ukapima usiku tu, unajua ipi ina hewa na ipi haina. Mimi ukiniuliza kwa nini tunahangaika na sayari ambazo hakuna atakayeishi, jibu langu ni hilo, joto lao ndilo linalozifanya zisomeke. Sayari ya baridi ungeisubiri miaka na bado usingeona kitu.

Tuje kwenye maji, maana nadhani hapo ndo moyo wa swali lako ulipo. Jina lina historia nzuri. Sayari ilikuwa inaitwa GJ 1214 b, namba tu za orodha, mpaka Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulipoendesha shindano la majina na 2023 ukatangaza majina yaliyopendekezwa na timu kutoka Kenya. Yote mawili ni ya Kimaa. Enaiposha ni maji mengi, ziwa au bahari, yanayotikisika kwenda na kurudi, na ndo neno lilelile lililozaa jina la Naivasha. Orkaria ni rangi ya udongo mwekundu. Timu ile ilijua inachofanya, kwa sababu wakati huo maji yalikuwa moja ya majibu makubwa ya kitendawili cha sayari hii, na mpaka leo hayajatolewa kwenye orodha.

Kitendawili chenyewe ni hiki. Ukigawa uzito kwa ujazo unapata gramu kama 2.2 kwa kila sentimita ya ujazo, dunia yetu ni 5.5, maji ni 1. Basi haiwezi kuwa jiwe na chuma peke yake, ni nyepesi mno. Lazima kuna kitu chepesi kingi ndani yake, na hapo kuna mapishi mawili yanayotoa uzito uleule. Moja, kiini cha mwamba kilichovishwa blanketi nene la haidrojeni na hiliamu. Mbili, sayari ambayo sehemu yake kubwa ni maji. Kwa mizani tu huwezi kuyatofautisha, ni kama kupewa gunia limefungwa ukaambiwa kilo zake, bila kufungua unajuaje ni mchanganyiko gani.

Kulifungua gunia hili kumekuwa kazi. Njia ni kuangalia mwanga wa nyota unaopenya kwenye ukingo wa angahewa wakati sayari inapita, kila gesi inanyonya rangi zake na kuacha alama. Darubini ya anga ya Hubble ikatazama mipito 15, matokeo yakatoka 2014, na alama hazikuwepo. Mstari ulionyooka kabisa. Na mstari huo haukusema hakuna angahewa, ulisema juu kabisa kuna ukungu au mawingu mazito yanayoziba kila kitu chini yake. Webb nayo ikakuta ukungu uleule, na ikaongeza kwamba unang'aa, unarudisha karibu nusu ya mwanga unaoingia. Hilo watu hawakulitegemea, wengi walifikiri ungekuwa mweusi kama masizi. Na ndo maana sayari haina joto zaidi ya ililonalo, ingekuwa inameza mwanga wote wastani wake ungekuwa nyuzi 320 hivi. Mwaka 2025 zikatoka makala za utafiti zinazosema kuna dalili ya kaboni dioksidi juu ya ukungu huo, alama ndogo sana, na wenyewe wameandika wazi kwamba ni dalili inayohitaji kurudiwa. Kinachokubalika ni kwamba hewa ya kule ni nzito, si haidrojeni tupu kama ya Mshtarii, kuna vitu vizito vingi vimechanganyika humo, na maji ni mmoja wa wanaoweza kuwa humo.

Ila hata kama ni maji, naomba uyafute yale mawimbi ya bluu kichwani. Kumbuka nyuzi 279 na 165 ni za tabaka la juu tu, huko infraredi inakotokea, ukishuka joto na mgandamizo vinapanda pamoja. Na maji yakishapita nyuzi 374 na mgandamizo wa kama mara 220 ya hewa tunayovuta, yanaacha kuwa na tofauti kati ya mvuke na kimiminika. Hakuna kuchemka tena, hakuna uso wa maji. Ungeshuka kwenye mvuke, mvuke unazidi kuwa mzito, mzito, mpaka unakuwa mzito kama maji na zaidi, na hakuna mahali popote katika safari hiyo ungeweza kusema hapa ndo ziwa limeanzia. Hakuna ufukwe. Kitu kimoja tu kingekuwa cha kawaida kwako, mvutano: pamoja na uzito wote ule, kwa kuwa ni pana, kwenye kimo kile tunachokipima ungejisikia mzito kwa asilimia kama 9 tu kuliko ulivyo hapa.

Kuiona sasa. Sayari hapana, na nyota yake pia hapana kwa macho, ingebidi Orkaria ing'ae karibu mara 3,000 zaidi ndo jicho liikamate gizani. Hakuna kibete chekundu hata kimoja kinachoonekana kwa macho matupu, na hao ndo karibu robo tatu ya nyota zote kwenye galaksi yetu, yaani anga unaloliona usiku limeficha wakazi wake wengi. Lakini mwelekeo unaweza kuutazama. Orkaria iko kwenye kundi la nyota linaloitwa Ophiuchus, karibu miaka ya nuru 48 kutoka hapa, na eneo hilo linapanda juu vizuri usiku wa Juni na Julai, kaskazini na kusini mwa ikweta wote wanalipata. Mwanga ambao Webb iliukusanya 2022 uliondoka kule miaka ya 1970. Na kama karibu na ulipo kuna chuo au kikundi chenye darubini ya kama sentimita 40 na kamera nzuri, waombe wakupe usiku mmoja wa mpito, ratiba zinajulikana mpaka dakika. Hutaona duara jeusi likipita. Utaona doti kwenye grafu, zinakwenda sawa, sawa, sawa, halafu zinashuka asilimia 1.4, zinakaa huko chini kwa dakika kama hamsini, kisha zinapanda kurudi zilipokuwa. Hiyo ndo Enaiposha.